Bega la Kushoto

Risasi iliyomharibia Shabaha jina lake haikumpata mnyama wala mtu. Ilipiga tangi la maji.

Lilikuwa tangi jeusi la plastiki, mali ya mama mmoja mjane aliyelima viazi mwishoni mwa mashamba ya ushirika. Siku moja kabla, mama huyo alikuwa amelihamisha kutoka nyuma ya nyumba yake na kuliteremsha kwenye mfereji mkavu uliopita pembeni mwa matuta, ili amwagilie bila kutembea mbali. Majani yalikuwa marefu pande zote mbili za mfereji. Kilichobaki kuonekana juu yake kilikuwa mgongo tu: mweusi, wa mviringo, uliotulia. Ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, wakati ambapo vitu vina umbo lakini bado havijapata rangi. Shabaha, aliyewinda nguruwe pori, alipiga goti, akaegemeza kitako cha bunduki kwenye bega lake la kulia, akalenga chini kidogo ya mgongo ule na kufyatua. Nguruwe hakuanguka wala hakukimbia. Alianza kutoa maji.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye ndiye msoma nyayo wake, alitangulia kufika mferejini. Alisimama pale akitazama chini. Shabaha alipomfikia aliona alichokuwa akikitazama. Chini ya bomba la tangi palikuwa na ndoo ya bati iliyojaa nusu, na bomba lilikuwa bado wazi.

Mama wa viazi alitokea kwenye njia ya nyumbani kwake akiwa na ndoo ya pili mkononi. Aliwatazama wanaume wawili, akalitazama tangi lenye tundu, kisha akaitazama ile ndoo aliyoishika kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Nilikwenda kuchukua hii," alisema.

Shabaha alimwomba radhi. Aliliziba tundu kwa kipande cha plastiki alichokiyeyusha juu ya moto, akaliosha tangi, na kwa siku saba alimchotea mama yule maji asubuhi na jioni. Mama wa viazi hakumshitaki kokote. Lakini maneno hayana mlango. Kabla ya juma kwisha, ofisini kwa ushirika watu walikuwa wakiulizana kama nyama ya tangi inagawiwa kwa kilo au kwa ndoo. Mpima mahindi, ambaye hakuwa na haya tangu kuzaliwa, alimpokea kwa kumwita Bwana Tangi, na Shabaha alicheka pamoja na wenzake. Alicheka kwa mdomo. Kifuani alikuwa na ndoo ya bati iliyojaa nusu.

Jina la Shabaha alikuwa amepewa na wakulima wenyewe, miaka ishirini na tisa iliyopita. Kabla ya hapo alikuwa kijana aliyetumwa na ushirika kujifunza kwa mjomba wake, mwindaji wa zamani aliyelinda mashamba hayo dhidi ya nguruwe pori. Mjomba hakuwa mtu wa hotuba. Alimpa kanuni moja tu na kumtaka aikariri mpaka ndotoni: miguu minne na mkia. Kabla hujagusa kifyatulio, hesabu miguu minne, kisha uutafute mkia. Usipoviona, huna mnyama. Una kivuli tu. Nguruwe akiingia kwenye mahindi na mgongo wake peke yake ukaonekana, mwache ale. Mahindi huota tena.

Kwa kanuni hiyo Shabaha aliwahi kurudi nyumbani mikono mitupu siku tisa mfululizo, na kwa kanuni hiyo pia hakuwahi kukosea. Yeye alipiga risasi chache kuliko mwindaji yeyote aliyemtangulia, na karibu kila moja ilileta mnyama. Ndivyo jina lilivyokuja.

Asubuhi ile ya tangi hakuhesabu. Si kwamba alisahau. Alikuwa ameacha kuhesabu tangu msimu wa kiangazi, kwa sababu miguu ilikuwa haionekani tena, na alikuwa amejizoesha kuamini kwamba mgongo unatosha.

Aliyajua hayo, na aliyaficha. Barua za ushirika alizishika mbali na uso, kisha akazisukuma upande wa mkewe akisema kwamba yeye anasoma vizuri zaidi. Daftari la mahudhurio alilitia sahihi kwenye mstari wa mtu mwingine mara mbili. Alilaumu kalamu, alilaumu taa, alilaumu vumbi.

Siku ya tatu baada ya tangi, shemeji yake alimsubiri njiani, pale mashamba yanapoanzia. Walikuwa wametembea pamoja kwa miaka kumi na minane, shemeji mbele akisoma nyayo, Shabaha nyuma na bunduki. Utani wao ulijulikana. Hapakuwa na siku iliyopita bila mmoja kumwita mwenziwe mzee aliyechoka. Siku hiyo shemeji hakutania.

"Shemeji, mimi ndiye ninayetembea mbele yako," alisema. "Miaka yote hii nimekupa mgongo bila kugeuka. Sasa mgongo unaniwasha. Mpaka unithibitishie unaona nini, nitatembea nyuma."

Shabaha alitaka kumjibu kwa ukali. Badala yake aliinamisha kichwa na kutangulia.

Msoma nyayo anayetembea nyuma ni kama dereva aliyekaa kiti cha abiria. Nyayo alizopaswa kuzisoma zilikuwa zimeshakanyagwa na viatu vya Shabaha. Katika majuma mawili hawakumwona hata nguruwe mmoja, huku nguruwe wakiwa wamewaona wao na kufanya walivyotaka kwenye viazi na mahindi. Katibu wa ushirika, mama mpole mwenye maneno yaliyopimwa, alimwita Shabaha ofisini na kumkumbusha kwamba jaribio la kibali la ofisi ya wanyamapori lingefanyika baada ya majuma saba. Hakumtisha. Alisema tu kwamba asiyefaulu hukabidhi bunduki siku hiyo hiyo, na kwamba ushirika ungelazimika kutafuta mwindaji mwingine. Kisha akamwuliza kama angependa chai.

Shabaha alitembea kurudi nyumbani akijua kwamba ana mambo mawili ya kurudisha, kibali na mgongo wa shemeji yake. Hakujua lipi lilikuwa gumu zaidi.

Nyumbani mkewe alikuwa mbele ya cherehani, kwenye chumba cha mbele ambacho nusu yake ilikuwa ya wageni na nusu ya vitambaa. Alikuwa mshonaji wa sare za shule. Hakumwuliza mumewe yaliyosemwa ofisini. Alimpa sindano na uzi.

"Nitungie hii, mama watoto hana nafasi," alisema, akijitaja mwenyewe kama mtu wa tatu, kama alivyofanya kila alipokuwa na jambo.

Shabaha aliunyosha uzi, akaulamba, akausukuma. Uzi ulipita kulia kwa sindano. Akajaribu tena, ukapita kushoto. Mara ya tano aliviweka vyote viwili mezani.

"Umejua tangu lini?" aliuliza.

"Tangu ulipovaa shati ndani nje kwenda kwenye harusi ya mpwa wako, ukabishana nami kwamba ndilo pambo lake," alisema mkewe. "Kesho tunakwenda kwa daktari wa macho. Nimeshafunga kazi ya kesho."

Daktari wa macho aliwapa zamu saa nne. Alimketisha Shabaha mbele ya ubao wa herufi, akamfunika jicho moja, kisha la pili, kisha akamtazama kwa muda mrefu kupitia chombo chenye taa nyembamba. Alimwuliza kama aliwahi kuchomwa na kitu kwenye jicho la kulia. Shabaha alikumbuka tawi la mwiba, miaka mingi nyuma, lililomrudia usoni alipokuwa akimfuata nguruwe aliyejeruhiwa. Jicho lilivimba siku nne, likapona, wakaendelea na kazi.

Lilipona na kubaki na kovu, alieleza daktari. Kovu lilikuwa kwenye kioo cha mbele cha jicho, na kwa umri lilikuwa limezidi kutia ukungu. Miwani isingelisaidia. Kulikuwa na matibabu, lakini foleni yake ilikuwa ya miaka. Jicho la kushoto lilikuwa zima. Lilihitaji miwani tu.

"Yaani nina jicho moja la kazi," alisema Shabaha.

"Una jicho moja zuri sana," alisahihisha daktari, "ila umeliweka upande usioutumia."

Walirudi nyumbani. Mkewe alimwacha na mawazo yake hadi walipofika kizingitini. Hapo Shabaha alisimama, akainua mikono kama aliyeshika bunduki, kitako kikiwa bega la kulia, kama ilivyokuwa tangu ujana. Kisha akaibadili. Kitako bega la kushoto, shavu la kushoto, jicho la kushoto. Mikono ilijiona migeni. Kiwiko kilitokeza kama bawa la kuku.

"Unafanana na mtu anayepiga fidla," alisema mkewe.

"Majuma sita na siku sita," alijibu Shabaha, naye akaingia ndani.

Miwani ya kwanza aliinunua haraka, naye alijuta haraka vilevile. Ilikuwa ya sehemu mbili, juu kwa kutazama mbali na chini kwa kusoma. Akiwa amesimama wima aliona kila jani la mti wa jirani, akamwita mkewe na kumhesabia. Lakini alipolaza shavu kwenye bunduki, kichwa kiliinama na jicho likalazimika kutazama juu, pembeni mwa pua, mahali ambapo ukingo wa fremu ulikata picha katikati. Juu ya ukingo kulikuwa na ukungu, chini yake kulikuwa na mahali padogo penye kuona vibaya. Jasho lilipomtoka, miwani iliteremka puani, na nguruwe wa karatasi aliyembandika ukutani akatoweka kabisa.

Alirudi nayo dukani. Fundi miwani alikuwa mwanamke mfupi mwenye koti la kijivu, na penseli tatu zilikuwa zimepangwa mfukoni mwake kwa urefu. Alisikiliza malalamiko yote bila kuyakatiza. Kisha akasema kwamba lenzi ina mahali pamoja panapoona vizuri kuliko pengine pote, na kwamba mahali hapo huwekwa mbele ya mboni ya mtu anayetazama mbele akiwa amesimama kama mtu wa heshima. Yeye Shabaha hatazami hivyo akiwa kazini. Alimwomba amwonyeshe anavyotazama.

"Hapa?" aliuliza Shabaha. Dukani kulikuwa na wateja wanne kwenye benchi.

"Hapa. Nitajuaje bila kuona?"

Fundi alimpa mwavuli wa mteja. Shabaha alipiga goti katikati ya duka, akaweka mpini wa mwavuli kwenye bega la kushoto, akalaza shavu na kuielekeza ncha yake kwenye kalenda iliyoning'inia ukutani. Mzee aliyekaa chini ya kalenda alihama kiti bila kuambiwa. Mwenye mwavuli aliomba tu usifunguke. Fundi hakucheka, alichuchumaa mbele ya uso wa Shabaha, karibu hadi akasikia pumzi yake, na kwa kalamu nyembamba akatia nukta kwenye lenzi ya kushoto pale mboni ilipotazamia. Alimwambia ainuke, ajinyooshe, apige goti tena. Akatia nukta ya pili. Mara sita. Nukta zote sita ziliangukia mahali padogo kama punje ya mtama, juu, karibu na pua.

"Hapa ndipo nitakapoweka kitovu cha lenzi," alisema fundi. "Fremu iwe kubwa, ikae juu zaidi usoni. Lenzi ya kulia nitaitia karatasi inayopitisha mwanga bila picha, lile jicho lisikuibie kazi. Ukitembea nayo mjini watu watadhani umelewa. Iwe ya kuwindia tu."

Kisha akauliza swali ambalo Shabaha hakulitarajia. Kwa umri wake, alisema fundi, jicho haliwezi tena kuona sawasawa ncha ya bunduki na mnyama kwa wakati mmoja. Kimoja kitakuwa wazi, kingine kitafifia. Alitaka kujua mteja anachagua nini.

Wawindaji wengi aliowahi kuwatengenezea miwani, alimweleza, huchagua ncha ya bunduki, kwa sababu ndiyo inayoelekeza risasi.

Shabaha alifikiri juu ya miguu. "Mnyama awe wazi," alisema. "Bunduki naijua."

Miwani ilikuwa tayari baada ya siku nne, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza.

Kila asubuhi, kabla ya mkewe kuwasha cherehani, Shabaha alitoa risasi zote, akazihesabu na kuzifungia kabatini, kisha akapiga goti mlangoni mwa chumba cha kulala. Kwenye pazia la dirisha la mbele mkewe alikuwa ameshona vifungo vitano vya ukubwa tofauti. Shabaha aliinua bunduki tupu kwenye bega la kushoto, akalenga kifungo cha kwanza, akaishusha. Akainua tena. Mara mia moja kabla ya chai. Ncha ya mtutu ilikuwa imefifia kama fundi alivyotabiri, kijivu juu ya kijivu, mpaka mkewe alipochukua chaki nyeupe ya kuchorea vitambaa na kuipaka kile kinundu cha kulengea. Kuanzia hapo kulikuwa na doa jeupe, na doa jeupe hata likififia hubaki jeupe. Alimshonea pia mkanda wa mpira wa kufungia miwani nyuma ya kichwa, ule ule unaotiwa kwenye viuno vya sketi za wanafunzi.

Bega halikuwa shida kubwa. Shida ilikuwa komeo. Bunduki ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa mkono wa kulia, na komeo la kupakia risasi lilikuwa upande wa kulia. Sasa mkono wa kushoto ulipaswa kuacha kifyatulio, uvuke juu ya bunduki, ulivute komeo, urudi. Siku za mwanzo mikono yake ilipishana kama watu wanaokutana mlangoni. Alikata shauri kuufundisha mkono wa kushoto kazi zote za nyumba. Kwa mkono huo alifungua milango, akakoroga chai, akasugua meno. Jirani alimwuliza mkewe kwa sauti ya chini, kwa huruma nyingi, kama mzee amepatwa na kiharusi.

"Amepatwa na ukaidi," alijibu mkewe. "Dawa yake haijapatikana."

Majuma matatu kabla ya jaribio alianza kupiga risasi za kweli kwenye uwanja wa mazoezi wa ofisi ya wanyamapori, uliofunguliwa kwa wawindaji siku mbili kwa juma. Siku ya kwanza hakupata kitu. Bega la kushoto, lililokuwa halijui mshindo, lilivimba na kuwa la rangi ya bilinganya. Siku ya pili alipata moja kati ya kumi. Asubuhi za baridi pumzi yake ilipanda na kutia ukungu kwenye lenzi, na ilibidi asubiri ukungu uondoke huku nguruwe wa mbao akimsubiri kwa adabu. Alirudi kwa fundi miwani, naye akamfundisha kusugua lenzi kwa kipande kikavu cha sabuni, kisha kuifuta kwa kitambaa laini mpaka ionekane safi. Sabuni isiyoonekana huzuia ukungu. Akamfundisha pia kupumua kwa pembe ya mdomo, kuelekea chini.

Shemeji yake hakwenda uwanjani hata mara moja. Lakini jioni moja alikuja nyumbani kumsalimia dada yake, akamkuta Shabaha amepiga goti mlangoni, jasho likimtiririka, akihesabu tisini na tatu, tisini na nne. Aliketi kitini akangoja mpaka mia moja.

"Mzee aliyechoka," alisema.

Shabaha alivua miwani na kuifuta. Ulikuwa utani wa kwanza tangu siku ya tangi, na hakutaka kuutisha kwa kuujibu upesi. "Karibu chai, kijana aliyezeeka," alisema hatimaye.

Siku ya jaribio kulikuwa na wawindaji kumi na mmoja. Ubao wa herufi haukumpa taabu. Jicho la kushoto, likiwa na ile miwani ya kwanza, lilisoma hadi mstari wa pili kutoka chini. Kisha wakaenda uwanjani. Mkaguzi, mwanamume mrefu mwenye filimbi shingoni, alieleza masharti kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Mita sitini mbele kulikuwa na tuta la udongo. Nyuma ya tuta maumbo ya mbao yangeinuliwa moja moja, sita kwa jumla, kila moja kwa sekunde nane. Mengine ni nguruwe, mengine siyo, na idadi haisemwi. Nguruwe mmoja akiponyoka, mwindaji anasamehewa. Wakiponyoka wawili, amekwisha. Akipiga kisicho nguruwe, hata kimoja, anakabidhi bunduki hapo hapo.

Shabaha aliitwa wa nane. Nyuma ya kamba walisimama katibu wa ushirika, mpima mahindi, mkewe na shemeji yake. Alipaka chaki kwenye kinundu, akakaza mkanda wa mpira, akapiga goti.

Filimbi ililia. Umbo la kwanza liliinuka: miguu minne, mkia. Alipiga, likaanguka. La pili liliinuka kushoto, dogo zaidi, miguu minne, mkia umejikunja. Likaanguka.

La tatu liliinuka mbali kulia, ghafla, na mwili wa Shabaha ukafanya ulichofanya kwa miaka thelathini na mmoja. Bunduki ilipanda bega la kulia. Shavu la kulia likalala, na mbele ya jicho lake pakawa na karatasi ya fundi, nyeupe, tupu. Alisikia watu nyuma yake wakivuta pumzi. Angeweza kuinua uso, akafyatua kwa kukisia. Upande ule aliujua, na mikono yake yote miwili ilimwambia nguruwe yuko pale. Alitoa kidole kwenye kifyatulio. Umbo lilishuka bila kuguswa, na mkaguzi akaandika kwenye karatasi yake. Lilikuwa nguruwe.

Sasa hakuwa na msamaha uliobaki. Shabaha alihamisha bunduki bega la kushoto taratibu, kama mtu anayemhamisha mtoto aliyelala. La nne lilipoinuka alihesabu bila haraka, akapiga. Likaanguka.

La tano liliinuka katikati, nyuma ya majani makavu yaliyopandwa juu ya tuta. Lilikuwa jeusi. Mgongo wake ulikuwa wa mviringo. Kinundu cheupe kilitulia chini kidogo ya mgongo huo, mahali pazuri, na kidole kilikuwa tayari. Shabaha alihesabu. Mguu mmoja. Wa pili. Alisubiri majani yayumbe, akauona wa tatu, mwembamba ulionyooka kama fimbo, ulioingia ardhini mbali na mingine. Alitafuta wa nne. Alitafuta mkia. Sekunde zilipita, na mpima mahindi, ambaye hakuweza kuuzuia mdomo wake hata kwenye mazishi, alinong'ona kwa nguvu, "Piga basi."

Nguruwe wa miguu mitatu Shabaha hakumjua. Hakupiga.

Umbo lilishuka. La sita liliinuka mahali pale pale, likiwa na miguu minne iliyokaa kama ya meza, na mkia. Alipiga, likaanguka, naye akavuta komeo kwa mkono wa kushoto, akatoa ganda, akaiweka bunduki chini, mtutu ukielekea kwenye tuta.

Mkaguzi alitembea hadi kwenye tuta, akarudi na lile umbo la tano kwapani. Lilikuwa mbao iliyochorwa mtu aliyeinama, miguu miwili na mpini wa jembe. Alilisimamisha mbele ya Shabaha. Alisema kwamba wanne kati ya saba waliomtangulia walilipiga. Alitia muhuri kwenye kibali na kumkabidhi.

Nyuma ya kamba katibu wa ushirika alikunja mikono, akatikisa kichwa polepole kwa kuridhika. Mkewe alikuwa akimfuta Shabaha vumbi begani, lile la kushoto, na aliligusa kwa uangalifu kwa sababu alijua lilivyo. Mpima mahindi alisema kwamba yeye angelipiga, kisha akaona aibu na kuomba mtu yeyote ampe maji. Shemeji alikuwa ameinama akilitazama umbo la mbao, mgongo wake mweusi, jembe lake.

Asubuhi iliyofuata Shabaha alifika njiani, pale mashamba yanapoanzia, kukiwa na baridi na umande. Alikuwa amesugua lenzi kwa sabuni na kupaka chaki. Shemeji yake alikuwa tayari amefika, akivuta kamba za viatu. Walisalimiana, wakaulizana habari za nyumbani. Shabaha akasogea ili atangulie, kama ilivyokuwa kawaida yao tangu tangi.

Shemeji alimshika kiwiko, kile cha kushoto kilichozoea kutokeza kama bawa.

"Kule kwenye viazi vya yule mama wamepita jana watano, na mmoja ana mguu mbovu," alisema. "Unifuate polepole, usinikanyagie nyayo."

Akatangulia. Shabaha alisubiri mpaka kukawa na hatua kumi kati yao, mtutu wa bunduki ukielekea chini, miwani ikiwa imekaa pale fundi alipoipangia. Aliuona mgongo wa shemeji yake waziwazi, kila mkunjo wa koti, hadi uzi mweupe ambao dada mtu alikuwa ameushonea mshono uliofumuka. Walitembea hivyo mpaka ukingoni mwa mfereji, na mgongo ule haukugeuka hata mara moja.